Unataka kusoma sayansi ya familia na mlaji chuo kikuu? Soma hii kwanza kabla hujaichukulia poa

Kila mwaka matokeo ya form six yakishatoka simu yangu inaanza kuita, mara mtoto wa mjomba, mara jirani ana binti yake, mara mama mdogo kanipa namba ya mtu nisiyemjua, na wote swali ni moja: eti ile kozi uliyosoma wewe Morogoro inahusu nini, si ya kupika ile? Nimejibu hadi mdomo umekauka. Sasa naandika mara moja iishe, atakayeuliza tena namtumia hii.

Nilisoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, miaka mitatu, kozi ambayo kwenye kitabu cha TCU, ile tume ya vyuo vikuu, utaikuta kwa jina la Family and Consumer Studies. Watu wazima wanaijua kama sayansi kimu. Mimi ni mwanaume na darasani tulikuwa wachache, kwa hiyo jina la Mpishi nililipata wiki ya kwanza na mpaka leo kuna watu kampasi ya Mazimbu wananiita hivyo, nimeshazoea. Cha kuchekesha ni kwamba mtu anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa fani hii, Ellen Swallow Richards, alikuwa mkemia, mwanamke wa kwanza kusoma MIT kule Marekani, alimaliza 1873, na kazi zake ni pamoja na kupima maji na kukagua vyakula vilivyochakachuliwa. Kemia, sio mwiko. Wamarekani wenyewe chama chao walikibadilisha jina 1994 wakaacha neno la zamani la uchumi wa nyumbani wakaweka sayansi ya familia na mlaji, nadhani na wao walichoka kuitwa wapishi.

Haya, tuanze na kuingia. Kigezo cha jumla cha TCU ni principal pass mbili zenye jumla ya pointi 4, yaani hata D mbili zinakufikisha (D ni 2), lakini hicho ni kizingiti cha chini tu na kila kozi ina masharti yake ya masomo gani hasa ufaulu, kwa hiyo usisikilize mtu wa mtaani, fungua kitabu cha mwaka wako, tafuta chuo, tafuta kozi, soma mstari wote hadi mwisho. Waliosoma CBN, yaani kemia, baiolojia na lishe, wanaingia wakiwa wamejua nusu ya maneno, ila CBG, CBA na PCB pia nimesoma nao na walipasua vizuri tu. Mambo ya mkopo ni yale yale ya HESLB, hakikisha cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA mapema maana kuna watu kila mwaka wanakosa boom, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, kwa kitu kidogo kama herufi moja ya jina.

Na kabla hujabonyeza kutuma maombi fanya kitu kimoja ambacho mimi sikufanya. Ingia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, tafuta matangazo ya kazi kama afisa lishe, afisa maendeleo ya jamii, afisa ustawi, soma pale kwenye sifa wameandika shahada zipi. Andika pembeni. Kuna kazi wanataka neno lishe liwemo kwenye jina la shahada, kuna nyingine wanakubali sayansi kimu na nyingine hawajaitaja kabisa. Kama ndoto yako ni lishe ya hospitali kabisa, kukaa na wagonjwa wa kisukari na figo, basi angalia kozi za lishe zenyewe (pale pale SUA ipo ya lishe ya binadamu) usije ukaja huku halafu mwaka wa tatu ndio unalia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Hii kozi inaangusha watu kwa sababu moja, kila kitu unadhani unakijua. Mtu wa hisabati anaingia darasani akijua hajui, anaogopa, anasoma. Sisi tunaingia tumekula maharage tangu utotoni, tumelelewa, tumelea wadogo zetu, tumetumwa dukani, tumefua nguo, tumekopeshana, kwa hiyo mhadhiri akisema leo tunaongelea maharage unatoa simu unaanza kuchati. Test ya kwanza ya lishe nilipata 9 kwa 25. Swali lilikuwa kwa nini tunaloweka maharage kabla ya kupika na mimi nikaandika ili yaive haraka, nukta. Sio uongo, ila nusu ya jibu iko kwenye fitati, zile zinazoshika madini ya chuma na zinki mwili usiyapate vizuri, ukiloweka na kumwaga maji zinapungua. Bibi yangu alikuwa analoweka maisha yake yote bila kujua neno hilo, ila bibi hakuwa anafanya mtihani.

Baada ya hapo nikanunua daftari la kaunta nikachora mstari katikati. Kushoto naandika kitu tunachofanya nyumbani, kulia naandika kwa nini na nani kapima. Chai ya rangi pamoja na chakula: upande wa kulia, polifenoli kwenye majani ya chai zinapunguza ufyonzaji wa chuma, bora chai ikae mbali na mlo. Kukamulia limau kwenye mboga: vitamini C inasaidia chuma ya mimea iingie, kumbe sio ladha tu. Mahindi yenye ukungu, unayaosha unasaga unapika ugali moto mkali: haisaidii, sumukuvu haiondoki kwa kupika, na 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo. Hilo daftari ndilo lililonitoa. Sikuwa na akili kuliko wenzangu, ila kila nikirudi likizo nyumbani Kilosa nilikuwa najaza kurasa kwa kumkalia mama jikoni hadi ananifukuza.

Masomo yenyewe yamesambaa sana na hapo ndipo watu wanachanganyikiwa. Lishe na chakula, makuzi ya mtoto, familia, usimamizi wa rasilimali za kaya, mlaji na haki zake, nguo na vitambaa, elimu kwa jamii, takwimu, ujasiriamali. Ukiyasoma kama masomo tisa tofauti utachoka. Yaunganishe kwa kaya moja. Mimi nilijitungia kaya, baba bodaboda, mama anauza mbogamboga soko la Mawenzi, bibi, watoto watatu, na kila mada nikawa naipeleka pale kwao. Mada ya ukuaji: mtoto wa mwisho ana miezi nane, nani anamlisha mama akiwa sokoni? Mada ya bajeti: pesa ya bodaboda inaingia kila siku kidogo kidogo, kodi ya nyumba inadaiwa miezi sita kwa mkupuo, unapangaje? Kuna kanuni inaitwa ya Engel, Mjerumani huyo, ya mwaka 1857, kwamba kipato kikipanda sehemu ya pesa inayoenda kwenye chakula inapungua hata kama shilingi zenyewe zinaongezeka, ukiijaribu kwa familia yako mwenyewe na ya mjomba mwenye hela huisahau tena. Ile nadharia ya Bronfenbrenner, mwanasaikolojia wa makuzi ya mtoto, ya duara ndani ya duara inayowatoa watu jasho nayo ni hivyo hivyo, mtoto yuko katikati, nje yake nyumbani na shule, nje zaidi kazi ya baba ambayo mtoto haijui ila baba akinyang'anywa pikipiki jioni hakuna maziwa, nje kabisa sheria na mila. Umemaliza. Usikariri mchoro.

Na kama unataka kuelewa kwa nini hii kozi ipo angalia udumavu. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, ni wafupi kuliko umri wao. Sasa mikoa inayoongoza: Iringa asilimia 57 hivi, Njombe na Rukwa karibu 50. Hiyo ndiyo mikoa inayotulisha mahindi nchi nzima! Kwa hiyo shida sio gunia. Shida ni nani ana muda wa kumlisha mtoto mara nne au tano kwa siku wakati wa palizi, uji una nini zaidi ya unga, maji, choo, mama alikula nini akiwa mjamzito, nani anaamua kuku auzwe au aliwe. Mwanafunzi wa kilimo peke yake hajibu hilo na daktari peke yake hajibu, wewe ndio unatakiwa ujibu, na mtihani wa mwaka wa pili mtu akikuuliza eleza mtazamo wa kaya anza na Njombe utapata alama.

Vitendo usivikwepe. Kitu cha kwanza jifunze kumhoji mtu amekula nini saa 24 zilizopita, inaonekana rahisi hadi ufanye. Ukimuuliza mama jana mlikula nini anasema ugali na mchicha, basi. Hasemi chai na andazi la asubuhi, hasemi muwa alioutafuna njiani, hasemi mafuta, hasemi karanga za kuunga. Kwa hiyo unamwacha aongee mwenyewe kwanza bila kumkatiza, halafu unarudi naye tangu alipoamka hadi alipolala, halafu ndio unauliza vinywaji na vya kutafuna, halafu vipimo, na vipimo tumia vyombo vyake yeye, kikombe chake, upawa wake, sio vya kwako. Na saa mkubaliane, saa mbili ya nani, ya asubuhi au usiku. Kwenye sinia ndio kazi, watoto wanne sahani moja, nani kala kiasi gani? Njia tuliyofundishwa ni kumwomba mama apakue pembeni kiasi anachodhani mtoto alikula, upime hicho. Kisha unarudi kwenye jedwali la viambata vya vyakula vya Tanzania lile la 2008 unaanza kuhesabu, na kumbuka namba za msingi, gramu moja ya wanga kilokalori 4, protini 4, mafuta 9. Nikwambie ukweli, hesabu hizi zinachosha, ila ukizifanya kwa mkono mara tatu ndio programu ya kompyuta itakuwa na maana kwako.

Utepe wa MUAC, ule wa kupima mzunguko wa mkono wa juu, nao ujue kuutumia umefumba macho. Mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkono wa kushoto, unatafuta katikati ya bega na kiwiko, mkono uning'inie umelegea, utepe usibane wala usilegee. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, huyo haandikwi kwenye dodoso ukaondoka, anapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kutoka 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano.

Nguo wengi wanazidharau, mimi nilizipenda. Jaribu hili hata leo: toa uzi mmoja kwenye upindo wa ndani wa kitenge ulichouziwa kama pamba safi, ushike kwa kibano, nje ya nyumba, ndoo ya maji pembeni, washa kiberiti. Pamba inawaka upesi, harufu kama karatasi, inabaki jivu laini. Poliesta inajikunja inayeyuka inaacha kidonge kigumu cheusi. Sufu na hariri zinanuka kama nywele zimeungua. Dada yangu mmoja alinikataza kabisa kukaribia vitenge vyake baada ya kujua ukweli wa viwili.

Kwenye mambo ya mlaji soma na sheria, watu wanaruka hapo. Jua TBS, shirika la viwango, inafanya nini (usalama wa chakula ulihamia kwao 2019 TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuka TMDA ya dawa na vifaa tiba), jua FCC ya ushindani wa haki, jua EWURA ya nishati na maji. Na jua kukokotoa riba, maana utaulizwa na mtaa mzima. Mfano app inakukopesha laki moja, wanakata ada unapokea 80,000, siku 14 unarudisha 100,000. Mtu anaona elfu ishirini tu. Wewe unatakiwa uone 20,000 juu ya 80,000 ni asilimia 25 kwa wiki mbili, mwaka una vipindi 26 vya wiki mbili mbili, hiyo ni asilimia 650 kwa mwaka bila hata kulimbikiza. Ndio maana inaitwa kausha damu. Na umwonyeshe mtu jinsi ya kuangalia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu kabla hajaweka namba ya simu ya mama yake kama mdhamini.

Fildi. Hapa nina aibu yangu. Kijiji kimoja, siku ya pili, tumeingia kwa mama mmoja, dodoso linasema andika kilichopo jikoni, na mimi kwa kimbelembele nikafunua sufuria. Mama akaniangalia tu, akasema, "Mwanangu, huko kwenu mgeni anafunua sufuria?" Ndani kulikuwa na maji ya moto na mboga kidogo, watoto wanasubiri. Sijawahi kujisikia mdogo vile. Niliomba radhi, akasema haya yameisha, ila majibu yote yaliyofuata yalikuwa mafupi mafupi na nilistahili.

Kwa hiyo: barua ya utambulisho mkononi, unaanza kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, unapata mtu wa kukuongoza, unapiga hodi unasubiri, shikamoo kwa wakubwa wote hata aliyelala kwenye mkeka, unaeleza umetoka wapi na unataka nini na kwamba anaweza kukataa, ndio unakaa. Usiende saa ya shamba. Usivae kama unaenda harusini. Usiulize kipato moja kwa moja, hakuna atakayekwambia, kwanza anadhani umetoka TRA kwa watu wa kodi au unagawa kitu, uliza matumizi: wiki hii sukari, unga, mafuta, vocha, ada, mchango wa msiba, utajumlisha mwenyewe. Na mume akiwa amekaa pale pale mke hajibu swali la nani anaamua pesa, tafuta namna ya kistaarabu, mwenzako aongee na baba nje kuhusu mifugo.

Utafiti wa mwaka wa mwisho chagua kitu kidogo kilicho karibu. Watu wanaandika vichwa vya habari virefu mchango wa nini katika nini kwa kanda nzima ya ziwa, nauli huna. Mimi nilichukua kata moja. Kama kaya ziko 400 na unatumia ile kanuni ya Yamane ya kupata idadi ya kaya za kuhoji, kwa kosa la asilimia 5, 400 gawa kwa 2 (yaani 1 jumlisha 400 mara 0.05 mara 0.05) unapata 200, hizo zinatembeleka kwa miguu na baiskeli. Jaribu dodoso kwa watu kumi kwanza, utashangaa maswali mangapi hayaeleweki hata na wewe uliyeyaandika. Dodoso liandike kwa Kiswahili tangu mwanzo, usitafsiri ukiwa mlangoni mwa mtu. Supavaiza mpelekee kazi kabla hajakutafuta. Takwimu isome semista ile ile inapofundishwa, usingoje, wengi waliosapu, yaani kurudia mtihani, niliowaona walisapu hapo na kwenye biokemia. GPA yetu ni ya 5, first class inaanzia 4.4, na kozi hii inawezekana kabisa kuipata kama hujaichukulia poa mwaka wa kwanza, maana ukianza na C tatu kupanda ni mlima Uluguru.

Maisha ya Moro sitaongea sana, maji ya kutosha matunda ya kutosha, treni ya SGR kutoka Dar ilianza Juni 2024 kwa 13,000 kwa hiyo visingizio vya kuchelewa kufungua chuo vimepungua. Boom igawe siku ile ile inapoingia. Mwanafunzi wa usimamizi wa rasilimali za kaya anayekula mihogo tu kuanzia wiki ya sita anachekesha, na nilikuwa mmoja wao.

Kazi zipo ila hazikufuati. Halmashauri, mashirika ya lishe, viwanda vya chakula, kufundisha, na tangu serikali izindue PJT-MMMAM, ile programu ya malezi na makuzi ya mtoto, Desemba 2021, wanaojua makuzi ya awali wanatafutwa zaidi kuliko wakati wetu. Kwenye maombi ambatisha transkripti, maana jina la shahada yetu halijielezi, masomo ndani yake ndiyo yanaongea.

Wengine mtajiajiri na najua nusu yenu mnafikiria unga wa lishe, kila mtu anafikiria unga wa lishe. Sawa, ila usifanye ule wa mtaani wa kuchanganya vitu kumi na mbili, mahindi mchele ngano ulezi mtama soya karanga mbegu za maboga na dagaa juu, mtoto akipata mzio hujui umshike yupi mkono. Chukua nafaka moja au mbili na mkunde mmoja. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, mbichi ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe. Pima kwa mzani, sio kopo. Nenda TBS kabla ya kuchapisha lebo, sio baada. Na karanga, kama lazima uziweke, nunua zikiwa nzima sio zilizosagwa, halafu kaa chini uzichambue mwenyewe, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zote nje kwa ajili ya ile sumukuvu, hata kama ni nusu debe linaondoka na roho inauma.